Kwenu Wapi, Mtoto wa Kota?

Kuna swali moja ambalo Mtanzania hulijibu hata akiwa usingizini: kwenu wapi? Utaulizwa ndani ya daladala, utaulizwa na baba mkwe mtarajiwa, utaulizwa na mhariri siku ya kwanza kazini kabla hajataka kujua kama unaweza kuandika habari yenye kichwa na miguu. Wenzetu hujibu kwa neno moja. Rombo. Newala. Bariadi. Makunduchi. Utani unaanza, mambo yamekwisha. Sisi tuliokulia kwenye kota za jeshi hujibu kwa aya nzima, na bado anayeuliza hutuangalia kama tunaficha kitu.

Mimi siku hizi najibu Simbo. Simbo ya Kigoma, mwisho wa reli, kwenye mawese na migebuka. Kwa mujibu wa fomu zote hilo ni jibu sahihi: baba alizaliwa huko, babu na bibi wamezikwa huko, na michikichi yetu ipo, mwenye shaka aje anisaidie kupalilia. Tatizo ni kwamba nilihamia Simbo nikiwa na miaka 14. Kabla ya hapo niliishi ndani ya uzio: kambi tatu, mikoa mitatu, nyumba za rangi moja, namba ya mlango tu ndiyo iliyokuwa ikibadilika. Kwa hiyo nikisema kwetu Simbo nasema kweli, na nikisema kwetu ni kota nasema kweli zaidi. Ila kota haina nafasi ya kuandikwa kwenye fomu.

Leo nataka niiongelee jamii hiyo, kwa sababu sisi wa magazeti tunaipita kila siku bila kuiona. Kwenye kurasa zetu mwanajeshi huonekana mara tatu: anapopita kwenye gwaride siku ya sherehe, anapogombana na raia, na anaporudishwa ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Mke wake na watoto wake hawaonekani kabisa, labda kwenye ile picha ya jeneza, wakiwa pembeni.

Hoja yangu naisema mapema ili usichoke njiani. Malezi ya kota ni miongoni mwa malezi bora ambayo nchi hii imewahi kuwapa watoto wake. Lakini yamejengwa ndani ya nyumba ya kuazima, na hakuna anayependa kuizungumzia siku ya kuirudisha. Hapo ndipo penye kazi.

Ngoja nianze na sifa, maana zinastahili.

Kwenye laini moja ya kota utakuta mama wa Kikurya, mama wa Kingoni, mama wa Kimakonde, mama wa Kipemba na mama wa Kinyaturu (huyo wa mwisho ndiye mama yangu), na wote wanachota maji kwenye bomba moja. Watapikaje, watagombanaje, watapatanaje? Kwa Kiswahili. Hakuna semina ya umoja wa kitaifa iliyowahi kuitishwa pale bombani, na haikuhitajika. Watoto wa kota wengi tulijua vyeo vyote vya jeshi, kuanzia koplo kwenda juu, kabla hatujajua makabila yetu. Mtoto alikula pale alipokutwa na saa ya kula. Ukivunja kioo cha nyumba ya saba, mwenye nyumba ya pili alikuwa na haki ya kukuchapa, na ukifika nyumbani kulalamika unaongezewa. Saa kumi na mbili jioni bendera ilipokuwa ikishushwa, mpira ulisimama, hata kama mtu alikuwa amebaki na golikipa peke yake. Kila mtu wima, kimya, mpaka imalizike. Kisha anaendelea na bao lake kama kawaida, na hakuna aliyemwibia mpira wakati ule. Jaribu uwanja wa mtaani uone.

Mzee akiwa safari, na wazee walikuwa safari kila mara, mara kozi, mara mazoezi porini, mara nje ya nchi, nyumba yake haikuwa mkiwa. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, jirani ndiye aliyekwenda kugonga pale zahanati ya kambi. Upatu wa akina mama ulizunguka kwa nidhamu ambayo benki zetu zingeionea wivu, kwa sababu mshahara uliingia siku moja kwa wote na kila mmoja alijua mwenzake anapata kiasi gani.

Haya si maajabu wala si kwamba wanajeshi wameumbwa kwa udongo mwingine. Yana sababu zake. Kwanza, kila mtu pale yuko mbali na ndugu zake wa damu. Shangazi wa kweli yuko safari ya siku mbili, kwa hiyo jirani anakuwa shangazi. Pili, watu wa cheo kimoja wana mishahara inayokaribiana na nyumba zinazofanana, kwa hiyo si rahisi kumringia mwenzako kwa sofa. Tatu, na hili ndilo kubwa, wote wanaishi na hofu moja ambayo haitajwi. Kila mke pale anajua kwamba siku yoyote mume wake anaweza kuambiwa afungashe. Watu wanaobeba hofu moja hushikana mikono hata kama hawapendani sana.

Na wala jamii hii haikuzaliwa jana. Ukitaka kuiona ilivyo ya zamani huna haja ya kwenda mbali na kwetu. Ufuko huu wa Ziwa Tanganyika umeona kambi za askari zaidi ya karne moja. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji miaka ya 1890, na askari wao weusi hawakuishi peke yao. Wake zao na watoto wao walikaa nao kando ya boma. Vita ilipokuja mwaka 1914 familia nyingi zilitembea nyuma ya safu za askari, zikibeba vyombo, zikipika, zikizaa njiani. Mwaka huo huo wa 1914 ndio reli ya kati ilifika Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wakaondoka Kigoma, wakaizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Götzen isije ikatekwa (ndiyo hiyo ambayo baadaye iliibuliwa, ikaitwa Liemba na kuanza kazi tena mwaka 1927), na wakaingia askari wa Kikongo chini ya Wabelgiji, waliokaa mpaka 1921. Kisha wakaja Waingereza na jeshi lao la King's African Rifles, na safu zao za nyumba za askari. Neno letu la "laini" ni mtoto wa safu hizo, kama "kota" ilivyo mtoto wa Kiingereza. Hata "afande" tunayoitamka kwa fahari ni neno la Kituruki lililotufikia kupitia jeshini. Msamiati wenyewe ni wa watu waliohamahama.

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kutaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku iliyofuata wenzao wa Tabora wakafuata. Uasi ulizimwa na makomandoo wa Kiingereza, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Naomba uliangalie vizuri jina hilo. Halikuitwa jeshi la serikali wala jeshi la rais. Liliitwa la wananchi, na vijana wengi wa mwanzo walitoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka mmoja kabla, Julai 1963. Maana yake ilikuwa wazi: mwanajeshi ni mwananchi aliyevaa kombati, basi.

Sasa nenda kwenye kota yoyote uwasikilize watoto. Ulimwengu wao umegawanyika sehemu mbili. Kuna sisi, halafu kuna raia. Mtoto wa miaka saba ambaye hajawahi kushika hata gobore anakwambia "yule ni raia tu". Mke wa koplo ambaye hana cheo chochote anamwambia muuza mchicha "nyie raia mna shida". Neno lenyewe halina kosa, lakini sauti inayolitamka ina dharau ndani yake. Na nje ya uzio nako kuna jibu lake: "wale watoto wa wajeda wana kiburi", "usichezee karibu na kambi utarukishwa kichurachura". Uzio ule ule unaotengeneza undugu ndani ndio unaotengeneza ugeni nje. Huwezi kuupata wa kwanza bila gharama ya wa pili, usipokuwa mwangalifu.

Na gharama hiyo siyo ya maneno tu. Aprili 29, 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la silaha kambini Mbagala. Februari 16, 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20 na kuacha maelfu bila makazi. Bomu halikuuliza nani raia nani mjeda. Liliruka uzio kama vile uzio haupo. Familia za ndani na familia za nje zilikimbia barabara moja, zikitafuta watoto waliopotea. Kama kulikuwa na somo moja pale, ni kwamba wale ni majirani. Walikuwa majirani siku zote, hawakujulishana tu.

Kuna njia nyingine za kuvuka uzio, nazo tunazo. Tangu mwaka 2013 vijana wanaomaliza kidato cha sita walirudishwa JKT kwa mujibu wa sheria, baada ya utaratibu huo kusimama tangu 1994. Mkoani kwetu kuna vikosi vya Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Mimi nilipita mafunzo hayo, na nikwambie kilichonifurahisha siyo kwata. Ni kuwaona vijana wa Masaki na Mikocheni, ambao hawajawahi kuchangia beseni na mtu, ndani ya wiki tatu wanagawana sabuni vipande vinne na kumwamsha mwenzao mwenye lindo bila kununa. Kilichotengeneza hicho siyo damu ya kijeshi, kwa sababu damu hiyo hawakuwa nayo. Ni mazingira: chumba kimoja, ratiba moja, chakula kimoja, na kutokuwa na pa kukimbilia. Vilevile serikali ilipoanza kusukuma kilimo cha michikichi Kigoma mwaka 2018, Bulombora ni miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzalisha miche. Mkulima wa Kigoma anayejua kwamba kambi ina mche wake hawezi kuiona kama ngome ya wageni. Huo ndio "wananchi" wa lile jina la 1964.

Tuje kwenye jambo gumu zaidi.

Undugu wa kota hupimwa siku ya habari mbaya. Ukisimama ufukweni Ujiji asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kwa watu wengi ni mandhari ya kupigia picha. Kwa familia za wanajeshi ni mahali ambapo baba yuko. Mwaka 2013 Tanzania ilipeleka wanajeshi mashariki ya Kongo kwenye kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Mwaka huo huo, Julai 13, saba wa kwetu waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, Beni, ilivamiwa na waasi wa ADF, na walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kwa usiku mmoja.

Gazetini hiyo ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza kwa siku tatu nne. Kwenye kota habari ya namna hiyo haina ukurasa. Inaingia kwa miguu. Gari linaingia kwenye laini taratibu, ndani kuna maofisa wamevaa nadhifu kuliko kawaida, na kila mwanamke anayeliona anaomba lisisimame kwake. Likipita kwako unashukuru, halafu unaona aibu kwa kushukuru, kwa sababu limesimama kwa jirani aliyekukopesha unga jana. Hii ndiyo bei ya kuishi pamoja: wanaopigana pamoja wakianguka pamoja, wanaolia wanalia kwenye laini moja.

Wakenya wanalijua hili. Januari 15, 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia. Ibada ya kuwakumbuka ilifanyika Moi Barracks, Eldoret, kwa sababu wengi walitokea pale. Mji mmoja, kambi moja, wajane wengi. Waingereza nao waliwahi kujifunza kwa machungu. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza waliwaruhusu vijana wa mji mmoja, mtaa mmoja, timu moja ya mpira, kujiunga kikosi kimoja ili wapeane moyo. Julai 1, 1916, mwezi ule ule ambao Kigoma ilibadilisha mabwana, kikosi cha mji wa Accrington kiliingia vitani kule Somme kikiwa na watu 700 hivi. Ndani ya muda mfupi zaidi ya 500 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Mji mzima ulifunga mapazia. Tangu hapo serikali yao haikuutaka tena mtindo ule. Ukaribu ni nguvu, lakini ukivunjika unavunjika wote.

Sisi tuna makaburi ya mashujaa Kaboya kule Kagera kwa waliokufa kwenye vita ya 1978 na 1979, na kila Julai 25 tunaweka mashada. Ni vizuri sana. Lakini shada linawekwa kwa aliyelala. Aliyebaki je?

Hapa ndipo ilipo hoja yangu hasa. Nyumba ya kota siyo ya familia, ni ya kazi. Kazi ikiisha, kwa kustaafu au kwa kufa, nyumba inarudi. Sisemi ni uonevu. Kuna askari mwingine anasubiri, ana mke na watoto pia. Lakini hebu fikiri maana yake. Mfanyakazi wa benki akifa, mke wake anampoteza mume. Mwanajeshi anayeishi kota akifa, mke wake anampoteza mume, nyumba, majirani waliokuwa ndugu zake, shule ya watoto, zahanati aliyoizoea na kazi ndogo ya vitumbua aliyokuwa akiifanya pale kwenye laini. Vyote vinakwenda karibu kwa pamoja. Anapakiwa kwenye lori na makochi yake, anapelekwa "kwao", kijiji ambacho aliolewa akakiacha miaka 20 iliyopita, au kibaya zaidi kijiji cha mume ambako watu wanamwona mgeni anayefuata shamba. Jirani yetu mmoja alikaa laini ile kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa mkunga wetu, msuluhishi wetu na mweka hazina wa upatu. Alipofiwa, ilipofika siku ya kuondoka alipewa heshima zote, gari, posho, watu wa kupakia mizigo. Hakuna aliyemtendea ubaya. Lakini lori lilipotoka getini, laini nzima ilielewa kwamba undugu wetu ulikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa mahali fulani.

Kwetu sisi ilikuwa afadhali. Mzee alistaafu akiwa hai na mzima, na Simbo alikuwa amejenga vyumba vitatu mapema. Hata hivyo mama yangu alikaa mwaka mzima akipika chakula cha watu kumi nyumbani kwa watu watano. Mkono wake ulikuwa haujapata taarifa kwamba majirani hawapo. Mzee naye aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, akavaa viatu, akakaa barazani bila cha kufanya. Wanakijiji walimwita "afande" kwa heshima na kwa utani kidogo, nadhani alipenda yote mawili. Mimi nilijifunza kusalimia Kiha na kupiga makofi kama inavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza nikaona watu wanaojua babu yao wa nne alizikwa chini ya mti gani. Niliwaonea gere.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu nyumba ya kuazima, waulize Wanubi wa Kibera, Nairobi. Babu zao walikuwa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliruhusiwa kukaa na familia zao kwenye msitu nje ya mji, na mwaka 1918 eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 likatangazwa kuwa la jeshi. Waliruhusiwa kukaa, hawakupewa hati. Wakazaa, wakazika, wakajenga misikiti, wakaita mahali hapo kwao kwa vizazi vinne na bado kwenye karatasi walikuwa wageni. Ilipofika 2017 ndipo serikali ya Kenya ikawapa hati ya ekari 288. Karne moja ya kusubiri, na ardhi iliyobaki si hata moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Hiyo ndiyo inayoipata jamii ya kijeshi ikichanganya ruhusa ya kukaa na haki ya kukaa.

Najua mtu atanijibu: mwanajeshi analipwa, ana kantini, ana matibabu, kwa nini asijenge kama wengine? Swali zuri na nalijibu kwa heshima. Wengi wanajenga. Lakini mtu anayehamishwa mikoa minne ndani ya miaka 20 anajenga wapi? Akijenga Kigoma anahamishiwa Mtwara, nyumba inasimamiwa na shemeji, saruji inageuka pikipiki ya shemeji. Na kota yenyewe, kwa raha yake, inamdanganya mtu. Huwezi kuhisi haraka ya kujenga paa wakati paa lipo juu ya kichwa chako na hulilipii kodi. Sitoi visingizio, naeleza inavyotokea.

Basi kifanyike nini? Mimi ni mwandishi wa habari, siyo jenerali, lakini mambo matatu nayaona yanawezekana bila bajeti ya kutisha.

La kwanza, familia iliyofiwa ipewe muda unaofuata kalenda ya shule. Mtoto aliyefiwa na baba mwezi wa pili asihame kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Iwe ni haki iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, isiwe huruma ya mkuu aliyepo, maana wakuu nao huhamishwa.

La pili, mazungumzo ya nyumba yaanze siku ya kwanza kijana anapokabidhiwa ufunguo wa kota, siyo mwaka wa mwisho wa utumishi. Na mke awepo kwenye mazungumzo hayo. Mke ndiye atakayebaki na swali la kwenda wapi. Kumwacha nje ya mpango huo ni kama kupanga safari bila kumwambia abiria.

La tatu linatuhusu sisi watoto wa kota. Tumetawanyika, tuko benki, hospitali, vyuoni, wengine Ulaya. Tunakutana harusini tunakumbushana afande aliyekuwa akitukimbiza na fimbo, tunacheka, tunaagana. Tunaweza kufanya zaidi. Yule mama aliyetulisha maharage yake bila kutuhesabu yuko kijijini sasa, ana presha na hana bima. Upatu waliotufundisha hauhitaji uzio kuendeshwa, unahitaji watu kumi waaminifu na tarehe moja ya mwezi. Watoto wa laini moja wakimlipia mama mmoja bima ya afya kwa mwaka, undugu ule utakuwa umevuka geti. Wasipofanya hivyo, basi ilikuwa kweli kwamba ulikuwa wa nyumba tu na siyo wa watu.

Nawe uliyekulia nje ya uzio, nina ombi dogo. Ukikutana na mtu anasitasita kujibu kwao ni wapi, usidhani anaficha kabila lake. Muulize swali jingine: ulikua na nani? Hapo utamsikia akihesabu majina kutoka Tarime mpaka Pemba, bila kusitasita hata kidogo, na utakuwa umeijua nchi yako zaidi ya ulivyoijua asubuhi.

Nawasilisha.